Mke wangu anasikia mlio, si sauti

Wakuu wa ukurasa huu wa wasomaji, salaam. Mimi nauza mchele Kariakoo. Muuza mchele huweza kupunja kibaba, habari hapunji. Haya yamenikuta mwenyewe.

Mke wangu, Mama Salum, alipona homa, kikambakia kitu masikioni. Asubuhi mpaka jioni, iiii, kama birika linalotaka kuchemka lisichemke.

Mwanzo tulicheka. Mnajua, sikio likilia kuna mtu anakusema: la kulia kwa heri, la kushoto kwa shari. Yake yalilia yote mawili.

Nikamwambia, "Basi mtaa mzima unakusema, na bado hawajaafikiana."

Wiki ya pili hakucheka. Usingizi ulimkimbia. Tukakata Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka hospitali.

Dresa, yule msaidizi wa daktari, mtu mpole, akamwuliza shida yake.

"Nasikia sauti, mwanangu."

Akaandika daftarini. Nami kinachoandikwa mbele yangu hukisoma mara mbili. Magonjwa yao yana mafungu: macho, masikio, tumbo. Mke wangu katiwa fungu la wazimu.

Wakuu, fungu hilo mwisho wake ni treni ya bara, nyumba ya wendawazimu. Habari za kurudi huambiwi.

"Bwana dresa, mtoe huyo humo."

"Mzee, anayesikia sauti zisizokuwapo anakaa hapa."

"Sauti ina maneno. Muulize yake inasema nini."

Akamwuliza. Mama Salum akamkazia macho. "Ingesema ningeijibu. Inalia tu."

"Basi ni mlio," nikasema. "Na mlio ni mali ya sikio."

"Mbona sikioni sioni usaha?"

"Njaa nayo huwa unaiona?"

Akacheka, akamwita daktari. Daktari akachungulia masikio, akauliza habari za kwinini, ile dawa chungu ya homa. Mama Salum alikuwa ameinywa nyingi, na kwa muda mrefu. Akasema kwinini huweza kuliza masikio, aiache kwanza. Akili yake ni nzima.

Dresa akafuta, akaandika: masikio, mlio.

Umepungua, haujaisha. Nilichojifunza: ukienda hospitali, chagua neno kabla ya kuchagua kanzu.

Siku hizi mlio ukimwanza hunitazama nikipima mchele.

"Ni wewe unayenisema?"

"Ni mimi. Sikio lipi?"

"Yote mawili."

"Basi ni kwa heri, mara mbili."

Nanyi mlio na mlio, andikeni hapa mnaishi nao vipi. Mama Salum nitamsomea.