Gurudumu la Siku ya Mashindano

Tangu ujana wake, Shuaib wa Kililana ametengeneza baiskeli nzito za kubebea magunia ya ufuta. Mpwa wake Hayat alipomletea baiskeli ya mashindano aliyoinunua Mombasa, Shuaib aliinyanyua kwa vidole viwili.

"Mbona nyepesi hivi? Wamepunguza nini?"

"Uzito, mjomba. Inakimbia hiyo!"

Ilikimbia kweli kwenye lami ya bandarini. Lakini Hayat alipoingia ndia ya mawe, rimu ya nyuma ikapinda. Shuaib aliichunguza kwa hamu, akakuta spoki zake ni chache mno. Akamfungia gurudumu gumu lenye spoki nyingi.

Hayat akarudi amenuna. "Halipindi, lakini nimekuwa kama punda aliyebeba mawe."

Shuaib akawaza kutwa nzima. Mwishowe akainyoosha ile rimu nyepesi, akaitundika ukutani. "Hilo gumu ni la mazoezi. Hili jepesi utalitia siku ya mashindano tu, kwenye lami, kama kanzu ya Idi."

Siku ilipofika, Hayat alimaliza wa tatu. Jioni, kabla ya kulivua lile gurudumu jepesi, Shuaib aliomba aiendeshe baiskeli kidogo kwenye lami, ajionee mwenyewe. Alirudi anatweta, kofia mkononi, akaomba tena.