Nyuma ya Mti Kulikuwa na Nyumba

Nakumbuka siku moja kule Kehancha, katikati ya miaka ya tisini, nilipoweka msumeno wa mashine juu ya meza ya hoteli ya chai kana kwamba nao ungeagiza chapati. Mwenye hoteli alinung'unika kwa sababu ya oili iliyodondoka, lakini hakuuondoa. Kila aliyeingia aliutazama. Hicho ndicho nilichotaka.

Mwanangu, mimi si mzee wa mkongojo. Miaka yangu ni arobaini na kitu, ila nimetembea sana, na barabara humzeesha mtu kabla ya nywele zake. Nikikaa mji mmoja miezi sita, nyayo huanza kuniwasha. Watu hudhani napenda safari. Acha nikuambie kinachonifukuza, kisha utajua mwenyewe la kufanya.

Msumeno ule tuliuita pawa. Ulikuwa mkubwa, wa tajiri mmoja wa mbao pale Migori, bamba lake refu kuliko mguu wangu. Kuubeba kutwa kulikuwa kazi ya punda, lakini ukishawaka, mti ambao babu yangu angeukata siku mbili kwa shoka ulilala chini kabla chai haijapoa. Nilikuwa nimemaliza sekondari na sikuwa na kazi nyingine. Pawa ndiyo iliyonifanya niitwe mtu. Mwenzangu alikuwa Owiti, tuliyesoma naye, mshika kamba na mpenda mzaha.

Katika hoteli ile palikuwa na Mzee Marwa. Ujana wake, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, aliwabebea bunduki wawindaji wenye vibali na kuwasomea nyayo za wanyama. Sasa alilima tumbaku tu. Alitoa mfukoni ganda la risasi, la shaba, nene kama kidole gumba na refu kukipita kile cha kati, akalisimamisha karibu na pawa yangu. Humo ndimo alimoweka ugoro wake.

"Hebu tuone," akasema. "Kati ya hawa wawili, nani mkubwa?"

Hoteli nzima ikaingia kwenye ubishi. Mmoja alisema risasi kama ile ilimwangusha tembo kwa mlio mmoja, je, pawa inaweza? Mwingine akasema tembo mwenyewe hushindwa kuung'oa mti ambao pawa huukata. Owiti akacheka.

"Mzee, hiyo yako imebaki kopo la ugoro. Tembo wameisha. Miti bado iko!"

"Hata tembo walikuwa bado wako," Mzee Marwa akajibu, akanusa ugoro wake taratibu.

Watu wakacheka. Kisha akanigeukia mimi.

"Kijana, bunduki ya risasi hii ilikupiga begani kila ulipoipiga. Ukipiga mara tatu, jioni huwezi kuinua kikombe. Kwa hiyo mtu alifikiri kwanza. Na mimi sikumpa mwindaji risasi mpaka aniambie nyuma ya mnyama kuna nini. Si mbele. Nyuma. Kwa sababu hii haikukaa ndani ya nyati. Ilipita. Kuna mmoja hakuniambia, alinyang'anya tu. Risasi ikampita dume ikamjeruhi jike aliyesimama nyuma yake kichakani. Jike yule akamtokea ndugu yangu, akamuua." Akaligusa bamba la pawa. "Mashine yako haikupigi bega. Nani anakukumbusha?"

Nikamjibu kwa ujeuri wa ujana. "Mzee, mti haukimbii, wala hauna pembe."

Alichukua ganda lake akaondoka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, wahenga walisema, lakini mimi sikuwa simba. Nilikuwa na petroli.

Wiki ile ile tuliitwa Kosele, kwa mjane mmoja aliyeitwa Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, maana kwetu Waluo mke huitwa kwa jina la kule alikozaliwa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mkaratusi mkubwa ulioliinamia paa. Kila upepo wa mvua ulipovuma, alitoka na watoto wake wawili kwenda kulala jikoni, kibanda kilichokuwa peke yake upande wa pili wa ua. Alitukaribisha kwa uji, akatuonyesha mti, kisha akaishika nguzo ya mlango wake.

"Wanangu, hii nyumba aliijenga marehemu kwa mikono yake," alisema. "Ikianguka, mnajua kitakachofuata."

Tulijua. Kwa mila yetu mume ndiye husimamisha nguzo ya kwanza ya nyumba ya mkewe. Mjane hajengewi nyumba mpya mpaka amkubali mume mwingine wa ukoo amrithi, yule tunayemwita jater. Nyar Uriri alikuwa Msabato na alikuwa amekataa. Shemeji zake hawakumlazimisha kwa maneno. Walikaa tu, wakingoja kuta zizeeke. Kwa miaka sita alizikandika tope na kuziba nyufa kila kiangazi. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa "hapana" yake.

Mti wa namna ile hukatwa kwa subira. Unauzunguka kwanza. Unafunga kamba juu kabisa na kuivuta upande usio na nyumba. Unakata mdomo upande unaotaka uangukie, kisha unakata kwa nyuma, ukiacha katikati utepe wa mti usiokatwa, unaouongoza mti kama bawaba inavyoongoza mlango. Na kila mara unazima mashine, unasikiliza. Mti husema kabla haujaanguka.

Sikuuzunguka. Sikuzima. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wa miti, shemeji zake wakiwemo, nami nilitaka waone pawa inavyopita. Owiti alikuwa bado anaizungusha kamba kwenye kisiki ili ikaze. Baadaye aliniambia alipiga kelele mara tatu. Ningesikiaje? Bamba lile refu lilipita kwenye bawaba kama kisu kwenye ndizi mbivu. Mti ukajizungusha kama mtu aliyeitwa jina, ukaifuata mizigo ya matawi yake.

Mashine ilipozimika nilisikia mabati yakilia, halafu kuku, halafu kimya. Nyar Uriri na watoto walikuwa jikoni. Hakuna aliyeumia.

Hakulia. Alisimama akitazama shina lililolala mahali kilipokuwa kitanda chake, huku shemeji mkubwa akija polepole, mikono nyuma.

"Basi, shemeji," akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma. "Mungu ameamua."

"Si Mungu," alisema Nyar Uriri. "Ni huyu kijana."

Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti ningevunjika guu langu! Mimi nilivunja nyumba ya mtu.

Baada ya siku chache nilirudi na miti ya kujengea, niliyoikata na kuichonga mwenyewe, na Owiti akinisaidia kusukuma mkokoteni. Nilikuwa nimeanza kuchimba shimo la kwanza shemeji yule alipotokea.

"Chimba," akasema. "Ila ujue, ukisimamisha nguzo hapo, wewe ndiye uliyemrithi. Uko tayari, mume wetu?"

Vijana waliokuwa nyuma yake waliangua kicheko. Nilimtazama Nyar Uriri, naye alinitazama, na sijui hadi leo alitaka nijibu nini. Nikaweka jembe chini.

"Rudi na miti yako," aliniambia. "Mmenifanyia ya kutosha."

Nikarudi nayo. Ndiyo, mwanangu, nilirudi nayo. Aliishi jikoni na watoto masika ile na vuli iliyofuata. Waumini wenzake walisema watamjengea, na kila walipopanga siku, ukoo ulipeleka wazee kuongea nao. Mwaka uliofuata nilipita Kosele nikaona pale kwake paa jipya likimeta. Kila mtu barabarani alilisifu. Mimi sikuingia. Nilijua nyumba ile ilimgharimu nini: ile "hapana" yake.

Pawa niliirudisha Migori mara baada ya siku ile ya jembe. Kisha nikapanda mpaka Kehancha, nikamkuta Mzee Marwa akitundika majani ya tumbaku. Nilimweleza yote nimesimama. Hakusema, "Nilikuambia." Aliuliza tu, "Nyuma ya mti kulikuwa na nini?"

"Nyumba."

"Na nyuma ya nyumba?"

"Mwanamke aliyekataa."

Akakung'uta ugoro wake kwenye karatasi, akanipa ganda tupu. "Mimi nalijua swali bila hili," alisema. "Wewe utasahau."

Sijasahau, ila nimechoka kukumbuka. Ganda hilo nimetembea nalo miji yote, na wakati mwingine vijana huniuliza ubishi ule ule wa hotelini, kipi kina nguvu zaidi. Siku hizi huwajibu kwamba vinalingana, maana vyote viwili hupita pale unapolenga na kwenda kumkuta mtu ambaye hukumwona.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Utapewa kitu chenye nguvu kuliko mkono wako. Huenda kikawa mashine, cheo, au ulimi unaosikilizwa. Kabla hujakiwasha, zunguka. Uliza nyuma kuna nini, na nyuma ya hicho kuna nani. Kisha zima kidogo usikilize, hata kama watu wamesimama wanakutazama. Hasa wakikutazama. Na ukishakosea, usiweke jembe chini upesi kama mimi. Kaa hapo uchekwe.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe nguvu, na kila akikuongezea nguvu akuongezee na macho. Mikono yako isimwangushie mtu nyumba. Ulale mahali pamoja, mwanangu, na nyayo zako zisiwashe.