Barua ya Kazi kwa Baba Mkwe

Saa moja asubuhi, Damari Lazaro anashona midomo ya magunia ya mtama mlangoni mwa ghala la ushirika, katika kijiji cha ujamaa kilicho jirani na Ikungi. Kwa siku hushona magunia arobaini. Msimu huchukua miezi mitatu. Ukiisha, na kibarua kimeisha.

Kazi anayoitaka iko hatua tano kutoka hapo: karani wa mizani, ajira ya mwaka mzima. Amehitimu kisomo cha watu wazima mwaka huu wa 1972, na kilo anazisoma bila kuuliza mtu. Lakini barua yake ya maombi imerudishwa mara mbili.

Tangazo ubaoni linaagiza kila mwombaji amwandikie katibu kwa jina lake kamili, likitanguliwa na "Ndugu". Damari aliandika "Ndugu Katibu", akaishia hapo. Katibu ni Yeremia Mughwai, baba wa mumewe. Kwa desturi ya kwao, mke hatamki jina la baba mkwe, wala haliandiki.

"Liandike tu, litakung'ata?" anamtania mshonaji mwenzake, Febronia.

"Wewe mkwe wako yuko Manyoni. Hata ukimwita kwa kipaza sauti hasikii," anajibu Damari bila kuinua macho.

Katibu naye ana yake. "Nikiipokea barua pungufu, watasema ni kwa kuwa ni mke wa mwanangu. Ofisini sote ni ndugu."

Na nyumbani?

"Nyumbani akinitaja kabla hajanipa kuku, amenivunjia heshima."

Ndivyo ilivyo kwao: kuku akishatolewa, jina hutajika. Ila mwombaji kumpelekea katibu kuku ni rushwa, na kamati ya ushirika inayoajiri ilikwisha kumkataa mwombaji mmoja aliyeleta debe la uwele.

"Nisipompa, nimemtukana mzee. Nikimpa, nimehonga kiongozi," anasema Damari. "Sasa nikae hapo katikati mpaka lini?"

Jumapili iliyopita, watu wakitoka kanisani, alipita nao njia nzima akiwa na kuku mkononi. Uani kwa mzee akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyo wa nini?"

"Wa jina, baba. Na kwenye barua nitaandika kwamba nimekupa."

Mzee alimpokea kuku. "Basi andika na rangi yake."

Barua ya tatu sasa iko kwa mwenyekiti wa kamati, Ndugu Antipasi. Inaanza: "Ndugu Yeremia Mughwai, nimekupa kuku mmoja mwekundu ili nilitaje jina lako. Naomba usiwepo kamati itakaponipima."

Katibu amekubali kukaa nje.

Kamati inakutana Alhamisi. Damari anakaza fundo, anakata kamba, anavuta gunia jingine.

"Waniwekee gunia lolote mizanini, hata kumi," anasema. "Wakininyima, iwe kwa sababu nimekosea kilo."