Ruhusa ya Kumkumbatia Mkwe

Mama yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake una kasi kuliko mguu wake kwenye pedeli. Nampenda hivyohivyo, ingawa ulimi huo umenitia aibu mara nyingi.

Kaka yangu alioa ughaibuni, mwanamke asiyejua hata salamu yetu, Mama akasusa. Kila Jumapili asubuhi alimpigia kaka, simu ameiegemeza kwenye boksi la nyuzi, sauti juu kuishinda cherehani. "Huyo Bi Barafu wako hajambo? Bado anakulisha mkate mkavu?" Kaka alicheka tu na kubadilisha mazungumzo. Nilipomkanya Mama, alinijibu, "Kwani anaelewa?"

Mwezi wa tano kaka alianguka kazini, asiamke tena. Tukaambiwa mkewe anamleta azikwe nyumbani, watafika baada ya siku sita. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake akaniambia, "Yule mtoto wa watu amefiwa kama mimi. Nitamkumbatia. Sasa nitamwambiaje?"

Nikamwita jirani yetu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Akachukua chaki ya kushonea, akaandika juu ya kitambaa cheusi na kusoma: May I hug you? Yaani, naomba nikukumbatie?

Mama akakodoa macho, kidole kwenye neno hug. "Hii si u? Mbona unaisoma a?"

"Ndivyo walivyo," mwalimu akasema.

"Mei ai hagi yu."

"Hagi hapana. Hug. Kata hapohapo, usiliachie mkia."

Kukata ndiyo kazi ya Mama, lakini neno hilo lilimtoa jasho siku mbili. Akataka kufupisha, aseme tu I hug you, yaishe. Mwalimu akakataa katakata. "Hapo unamtaarifu, mama. Muombe kwanza."

"Na hujawahi kumuomba chochote," nikasema. Mama akaendelea kujizoeza, akipiga pasi, akioga, akipindia nguo yake ya msiba.

Mkwe alifika mchana, mwembamba, gauni limejikunja kwa safari, macho mekundu. Wanawake sebuleni wakampisha. Mama akainuka, akafungua mikono. "May I hug you?" Alilisema sawasawa. Mwalimu, pale mlangoni, akaitikia kwa kichwa.

"Shikamoo, Mama," mkwe akasema, polepole. "Kiswahili naelewa. Mume wangu alinifundisha mwaka ule wa kwanza, ili nije nikuamkie."

Mikono ya Mama ikashuka. "Mwaka wa kwanza?"

"Simu alikuwa anaiweka mezani, sauti wazi. Kila Jumapili tulikuwa tunakusikiliza pamoja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimkasirikia Mama, na papo hapo nikamwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

"Mbona hukusema, mwanangu?" Mama akauliza.

"Alinikataza. Aliniambia nivumilie tu. Siku Mama atakapochoka kunisema, atauliza naitwa nani."

Mama akakaa chini palepale, sakafuni. Miaka tisa ya ndoa yao hakuwahi kuuliza. Akauliza sasa, mbele ya watu wote, kwa sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake. Mkwe akapiga magoti, akamtajia jina lake, kisha akamkumbatia.

Aliyekuwa akilisubiri swali hilo alikuwa chumba cha pili, ndani ya jeneza.