Kahawa ya Wakwe na Gego Langu

Mimi nilisema tungoje Jumatatu. Nilisema jino likiwa bado kinywani, maneno yanatoka vizuri, kwa hiyo asije mtu akasema hakunielewa. Lakini mwanangu wa kwanza akishaamua jambo husikia sauti yake tu. Alifika Buganguzi Ijumaa asubuhi, akaona shavu langu lilivyovimba, akasema, "Mama, kesho wageni wanakuja kumposa binti yangu. Utawapokea na uso huo?"

"Uso huu utapona. Nipe vidonge, wakishaondoka ndipo twende."

Akaniingiza kwenye gari, tukaenda Bukoba.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Aligonga lile gego la chini kwa kijichuma, nikaruka. Akasema limeoza mpaka mzizi, litoke. Nikamweleza jambo ambalo mtu mwenye meno yake yote hawezi kulifikiria: kinywani mwangu yamebaki magego mawili tu yanayokutana, moja juu, moja chini, upande wa kushoto. Mengine ni ya mbele, ya kuchekea. Ukilitoa hili la chini, lile la juu litatafuna na nani?

"Utazoea, bibi. Utakula vitu laini."

"Na kahawa?"

"Kahawa utakunywa ikishapoa."

Nikajua huyu si wa kwetu. Kahawa niliyoisema mimi hainywewi. Ni akamwani, ile inayochemshwa pamoja na maganda yake na majani ya harufu, ikakaushwa mpaka ikawa ngumu, ikatafunwa. Mgeni hupewa hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Nyumbani kwetu, watu wa posa wakija, mkubwa wa nyumba ndiye anayetafuna kwanza. Akitafuna, wamepokelewa. Asipotafuna, wageni hubaki na kahawa viganjani, wakajua wamejibiwa. Mume wangu alishafariki. Mkubwa wa nyumba ni mimi.

"Mama, nitatafuna mimi," mwanangu akasema, akiangalia simu yake. "Daktari, endelea."

Ganzi ikaingia, mdomo ukawa kama wa mtu mwingine. Yule binti alivuta, akatikisa, akavuta tena, nasikia kichwani mlio kama wa mti unaong'olewa shambani. Kisha akaniwekea pamba niiume. Akaanza kukataza: nisitafune upande huo, nisile cha moto, nisiteme mate ovyo, nisiguse tundu kwa ulimi, nisiongee sana. Damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda, ikitoka nitajuta. Nikataka kumuuliza sasa kimebaki nini cha kufanya, lakini ndiyo hivyo, nilikuwa nimekatazwa kuongea.

Usiku sikulala. Jumamosi shavu lilikuwa kubwa kuliko jana, na damu bado inachuruzika, nikaweka pamba nyingine. Mkwe wangu, mama yake binti, akanivalisha kitenge kipya, akanikalisha pale pale ninapokaa siku zote. "Leo mama kazi yako ni kutabasamu," akasema. Nitabasamu na shavu lipi?

Wageni walitoka Izigo. Majina yao wote ninayo kichwani, na ya baba zao, na vijiji walikoolewa dada zao. Sitayaandika, wakwe ni wakwe. Aliyewaongoza alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, babu mdogo wa kijana. Kijana mwenyewe alikaa karibu na mlango, hajui aweke wapi mikono. Mjukuu wangu alikuwa chumbani na shangazi zake, lakini nilimwona akichungulia pembeni mwa pazia. Huyu ni mtoto niliyemlea mimi, na kijana huyo alikuwa amemsubiri mpaka amalize chuo. Macho ya mjukuu yalikuwa kwenye mkono wangu, ule utakaoshika kahawa.

Kahawa ikaletwa kwenye kisonzo, kijikapu cha kusukwa. Nikachukua yangu, nikaishika. Wageni wakachukua zao, wakazishika. Mwanangu akarusha yake mdomoni, akatafuna kwa kelele kama mbuzi.

Hakuna mgeni aliyemfuata.

"Waitu, umetafuna vizuri," yule mzee akasema. "Lakini sisi tunamngoja mwenye nyumba."

"Mama hajisikii vizuri kidogo."

"Ahaa. Hajisikii vizuri."

"Ni jino. Aling'olewa jana."

Nilitamani kumfunga mdomo. Mzee akawageukia wenzake, akacheka bila furaha. "Jino! Mnakumbuka nilipompeleka kaka yangu kuposa? Na sisi tulimkuta bibi anaumwa jino. Tulipofika barabarani tukasikia binti alishapewa watu wengine."

Alikuwa anasema kweli. Nyumba ile naijua, na bibi yule namjua. Alikuwa na meno mazima mpaka anazikwa. Siku hizo watu wazima hawakumwambia mgeni hapana, walimwambia wanaumwa. Mwanangu hajui hayo. Alikuwa shule.

"Mama, fungua mdomo waone," akasema.

Nimfungulie mdomo mkwe! Mbele ya wanaume, na pamba yenye damu! Nilimtazama mpaka akaangalia chini. Shangazi mmoja wa kijana akawa tayari anarudisha kahawa yake kisonzoni, polepole, bila kumwangalia mtu. Pazia likatikisika.

Basi nikageukia ukutani, nikatoa pamba, nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Nikaweka kahawa mahali pekee ninapoweza kutafuna, juu ya tundu lenyewe, chini ya lile gego lililobaki. Nikauma.

Sitaeleza. Aliyezaa anaweza kukisia. Machozi yalitoka, yule mzee akayaona, akadhani ni ya kumuaga binti.

"Tumepokelewa," akasema, na wote wakatafuna. Huko chumbani wakapiga vigelegele.

Ungefikiri wameniacha nipumzike. Chakula kikaletwa, ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, moshi unapanda, na mimi nimeshika kikombe cha uji uliopoa. Shangazi yule yule akainama kwangu: "Bibi, mbona huli nasi?"

Waliporudi Izigo nilianza kuumwa maumivu ambayo jino lenyewe halikuwahi kunipa, mpaka sikioni. Tukarudi Bukoba. Safari hii nilimkataa mwanangu, nikapelekwa na mjukuu.

"Bibi, kifuniko kimetoka, mfupa uko wazi," daktari akasema. "Umetafuna nini?"

"Kahawa."

"Si nilikukataza?"

"Ulinikataza. Ila wewe hukuwepo."

Mjukuu akaangalia sakafu, anakunjakunja kamba ya pochi yangu. Daktari akasafisha, akaweka dawa yenye harufu ya karafuu, kisha akachungulia juu na kijichuma chake. Akasema lile la juu sasa halina mwenzake, linatikisika, halina kazi tena. Kwa kuwa nimeshafika, alitoe tu.

Nikamwondoa mkono mdomoni.

"Liache," nikamwambia, nikimwonyesha mjukuu kwa kidevu. "Huyu ana wadogo zake wa kike."