Nilimshinda Japuonj kwa maneno yasiyo yangu

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Hii stori nimeikalia miezi kadhaa na inanila. Sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi inaniaibisha vya kutosha. Mkitaka kunitusi, ngojeni nimalize.

Kwenye barabara ya kwenda Dunga kuna kinyozi ya jamaa anaitwa Owino. Gazeti hapo ni moja tu kwa siku na linasomwa na kila mtu, lakini ile page ya puzzle hakuna anayeigusa kabla Japuonj hajafika.

Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo. Mzee wetu huyu alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na hata wajukuu wake wanamwita hivyo.

Puzzle yenyewe si ngumu kuelewa. Unapewa herufi tisa, unatafuta maneno ya Kiingereza yanayotoka kwa hizo herufi, na kila neno lazima liwe na ile herufi ya katikati. Owino anaweka dakika ishirini kwa simu. Mwenye maneno mengi ndiye bingwa wa siku. Bingwa alikuwa Japuonj, kila siku, tangu nianze kunyolewa hapo.

Jumapili ndiye alikuwa mkalimani wa kanisa letu. Mhubiri akija na Kiingereza, Japuonj anasimama kando yake anaweka kwa Kijaluo. Alikuwa na spidi, wakuu. Mhubiri hajamaliza sentensi, mzee ashaifikisha kwa wamama wa nyuma. Wengine walikuja kanisani kumsikia yeye.

Sasa mimi. Nilimaliza Maseno na degree ya Kiingereza, nikarudi nyumbani kukaa bila kazi. Siku ya kwanza kucheza nilipata maneno tisa. Japuonj akapata ishirini na mbili. Owino akaniuliza kama hiyo degree niliisomea ama nilitumiwa kama parcel. Watu walicheka hadi aliyekuwa kwa kiti akaomba mashine izimwe kwanza.

Nilicheka nao, lakini iliniuma vibaya.

Siku hiyo hiyo nikapata website fulani. Unaandika herufi zako, unabonyeza, inakumwagia kila neno la Kiingereza linaloweza kutoka hapo. Hata yale ambayo Waingereza wenyewe wameshasahau.

Basi ikawa hivi: puzzle ikianza, mimi napigiwa simu. Natoka nje, naangalia, narudi na maneno kichwani. Naandika polepole nikikuna kichwa. Mengine nayaacha makusudi ili isikae vibaya. Nikifikiria hiyo kukuna kichwa, natamani ardhi inimeze.

Kuna siku herufi zilikuwa za neno education, D ikiwa katikati. Mimi nikafika thelathini na moja, na moja lilikuwa ducat.

Japuonj akauliza, "Hilo nalo ni neno?"

Hakubishana. Alienda nyumbani kwake, si mbali, akarudi na kamusi ambayo jalada lake limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Akafungua, akalipata. Ni sarafu ya dhahabu ya zamani.

Akasimama na ile kamusi mkononi. "Sijui kama sikuwahi kulijua," akasema, "ama nililijua likanitoka."

Ningesema hapo. Sikusema. Owino akaanza kuniita Prof na mimi nikaitika.

Baada ya wiki kadhaa Japuonj akawa anakuja na kuondoka mapema. Halafu akaacha kuja. Nilidhani ni hasira za kushindwa, na wakuu, nilifurahi.

Jumapili moja nikaona mtu mwingine amesimama kando ya mhubiri.

Wiki hiyo nikakutana na mke wake, Mama Atieno, ananunua omena sokoni. Nikamuuliza mzee yuko aje. Akanivuta kando.

"Amekataa kutafsiri. Anasema maneno yanamtoroka, ataaibisha kanisa. Ndugu yake mkubwa alianza hivyo hivyo, maneno kwanza. Alikufa hajui watoto wake." Akahamishia mfuko wa omena mkono mwingine. "Na wewe ndiye anakusifu kila siku. Anasema angalau Kiingereza kimebaki na mtu."

Sikununua nilichoenda kununua. Nilienda moja kwa moja kwa Japuonj.

Nilimkuta kwa veranda na daftari. Alikuwa anaandika majina ya wanafunzi wake wa zamani, darasa moja baada ya lingine, aone kama yote bado yapo. Kila asubuhi anaandika, kisha analinganisha na ya jana.

Nikamwambia yote. Simu, website, kukuna kichwa.

Akaniangalia kwa upole. "Mama Atieno amekutuma uniliwaze. Umelelewa vizuri, nyathina."

Kuniita mtoto wake, hapo ndipo nilitamani anipige.

Nikafungua ile website nikampa simu. Aliandika zile herufi tisa mwenyewe, kwa kidole kimoja. Orodha ikatokea. Akaishusha polepole mpaka akafika.

"Ducat iko hapa," akasema.

Akanirudishia simu. Kisha, "Kwa hivyo mimi si mgonjwa."

Nikasema hapana, Japuonj, huumwi. Akafunga daftari. Hakunifokea. Aliniambia tu, "Kwa Owino utasema wewe. Nikisema mimi, wataona ni mzee anajitetea."

Kesho yake nilisema, yeye akiwa ameketi pale. Unajua walifanya nini? Walicheka. Owino akasema, "Prof, kumbe uko na ujanja." Hakuna hata mmoja aliyenikasirikia. Japuonj alichukua kalamu akaanza puzzle.

Mchungaji pia nilimwambia, na mzee akarudishwa mbele.

Jumapili ya kwanza nilikaa kiti cha pili. Mhubiri akaanza, Japuonj akafuata, vizuri kabisa kama zamani. Halafu katikati ya sentensi akasimama. Neno lilikuwa jepesi tu, patience. Kanisa zima likangoja. Nikaona mkono wake umeshika mimbari.

Akalipata, akaendelea.

Lakini sasa anasimama hivyo kila Jumapili, mara mbili, mara tatu. Anahakikisha neno ni lenyewe kabla ya kulitoa. Hakuwahi kufanya hivyo kabla yangu.

Nilichojifunza ni kwamba nilitaka tu kuonekana najua, na kuomba msamaha kulinichukua dakika kumi. Ule wasiwasi niliomwekea bado anao.

Kama kuna mtu hapa ashawahi kumharibia mtu imani yake kwa akili zake hivi, na akafaulu kuirudisha, aniambie alifanya nini. Nitasoma kila jibu, hata la matusi.