Baiskeli Isiyo na Mnyororo

Habari ilimkuta Emilia kwenye duka lenye sola, alikopeleka simu kuchaji kwa kuwa umeme wa Makote ulikuwa umekatika tangu juzi. Aliiwasha tu, ikaita mkononi.

"Shangazi, shikamoo." Alikuwa Huruma, binti wa kaka yake.

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

"Tunakutafuta tangu jana, hupatikani. Baba hatunaye tena. Alifia hospitalini Mkomaindo, tumeshamrudisha Chiungutwa. Babu Eliakimu kasema anazikwa leo saa tisa."

Emilia hakulia. Aliuliza neno moja: "Nani kamfunika?"

"Bado. Wanakungoja wewe. Lakini padri ana safari, shangazi, na joto ndiyo hili."

Katika ukoo wao, ndugu wa kike wa tumbo moja ndiye anayemfunika marehemu uso kwa kanga kabla jeneza halijafungwa. Alfredi, kaka yake, alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, Emilia. Asipofika, angeingia kaburini bila mkono wa mtu wa tumbo la mama yao.

Alikwenda kijiweni nusu akikimbia. Nurdini wa bodaboda alivua kofia.

"Pole sana, Mama Isabela. Nisikudanganye, mvua imebeba daraja. Mimi mwenyewe nimegeuza asubuhi hii. Labda kesho."

"Kesho nikamzike nani?"

Nyumbani aliingia, akatoka, akaingia tena. Alifunga kanga mpya kiunoni, akaifungua, akaifunga upya. Kilibaki kijia cha zamani cha kuteremka mlima, walichopita mama zao wakifuata maji bondeni. Pikipiki haikipiti. Kwa miguu, saa tisa ingemkuta njiani. Ndipo macho yake yakatua kwenye baiskeli iliyoegemea ukuta wa jiko.

Ilikuwa ya Alfredi. Alikuja nayo kumsalimu, mnyororo ukakatika mlangoni pake. Akautia mfukoni, akarudi kwa gari. "Nitauunga, nitaurudisha," alisema. Fundi baiskeli wa Chiungutwa nzima, wa kwake ukangoja. Mganga hajigangi. Kisha homa ikamshika.

"Baiskeli bila mnyororo!" jirani yake Bimdogo alishangaa. "Utaipanda wewe au itakupanda yenyewe?"

"Mwenyewe alikuwa akiipanda hivyo hivyo," Emilia alijibu, akaanza kuisukuma.

Haukuwa mzaha. Ujanani Alfredi alianguka kutoka juu ya mkorosho, na tangu hapo goti lake la kulia halikukunjika vizuri. Kukanyaga pedali kulimtesa. Kwa hiyo alijitafutia ujuzi mwingine. Kila Jumapili baada ya ibada, shati la kanisani likiwa bado mwilini, alikwenda kwenye njia ya mikoroshoni ambako maji ya mvua yalichimba vibonde, kimoja baada ya kingine kama mawimbi. Alisimama juu ya pedali zilizolala sawa. Baiskeli ikishuka kibondeni, aliikandamiza chini kwa mikono na miguu. Ikipanda, alijilegeza, akaiacha imjie kifuani. Kila kibonde kilimwongezea mwendo, wala hakukanyaga hata mara moja. Watu walicheka. "Fundi anatwanga bila mchi!" Alianguka, akapangusa vumbi, akarudi tena juu. Hatimaye alimaliza njia nzima mpaka uani kwa kanisa, akiwa amesimama kama mtu aliyebebwa.

Emilia naye alifundishwa, kwa kulazimishwa.

"Acha breki, dada!"

"Nitavunjika!"

"Unaiogopa kasi iliyokuja kukusaidia. Hizo breki zako zitakuchelewesha siku ya mazishi yangu, utaona."

Emilia alimpiga kofi la mgongo kwa neno lile. "Mdomo wako!" Wakacheka wote wawili.

Sasa alikuwa akiibeba baiskeli begani juu ya mawe na mizizi, matope yakimvuta kandambili, midomo ikisema Baba Yetu isiyofika mwisho. Alifika "mapenzi yako yatimizwe," akakwama, akaanza upya. Bondeni aliipanda. Kwenye tambarare alishuka akasukuma mbio. Penye mteremko alipanda tena, vidole vikikamata breki vyenyewe, kasi ikifa kabla ya mwinuko, naye akilazimika kusukuma tena. Jua lilikwisha pita utosini. Jasho na machozi hakuyatenganisha.

Alipofika mwanzo wa mikoroshoni, kengele ya kanisa la Chiungutwa ilianza kulia taratibu. Aliijua maana yake. Walikuwa wanatoka na jeneza.

Mbele yake vibonde vya Alfredi vilishuka vyote, vimelowa. Emilia alipanda. Pedali zilitaka kuzunguka hovyo. Akagawa uzito sawa kwa miguu yote miwili. Breki akaziacha. Kibonde cha kwanza alichelewa, gurudumu likamrusha kidogo akapiga yowe. Cha pili alikandamiza, akalegea, baiskeli ikaruka mbele kana kwamba kuna mtu nyuma aliyeisukuma. Akakandamiza. Akalegea. Upepo ulimvua kilemba, hakugeuka.

Msafara ulikuwa umefika nusu ya njia ya makaburini alipotokea kwenye kona, kichwa wazi, ametapakaa matope. Mzee Eliakimu, mjomba wao, aliinua fimbo.

"Wekeni chini. Dada yake amefika."

"Jeneza limeshafungwa, mzee," alisema mmoja wa wabebaji.

"Basi lifungueni."

Padri aliangalia saa yake, kisha akaitikia kwa kichwa.

Emilia aliomba maji kwanza. Huruma alimmiminia, naye akanawa mikono mpaka matope yote yakatoka, watu wakisubiri juani. Alipiga magoti. Uso wa Alfredi ulikuwa umekonda. Alimgusa paji la uso, akafungua kanga kiunoni, akamfunika taratibu, akaichomeka pembeni mwa mabega kama alivyofanya walipokuwa wadogo wakilala mkeka mmoja.

Jeneza lilifungwa. Waliliteremsha kwa kamba. Padri alisoma sala, watu wakaitika Amina. Emilia alitupa udongo wa kwanza, Huruma wa pili, kisha wanaume wakachukua majembe. Kaburi lilipojaa waliweka msalaba na maua, wakaimba ubeti mmoja, wakarudi nyumbani.